Mikwaruzo ya Mlangoni

Mwanamke alikuwa amepiga magoti mbele ya duka lake mwenyewe, nusu ya ufunguo mkononi. Nusu ya pili ilibaki ndani ya kufuli. Ilikuwa mchana wa Jumamosi na ghorofa ya chini ya jengo la maduka ilikuwa imefurika: waliobeba mifuko, waliokokota watoto, na waliofuata ubaridi wa bure. Wateja wake walikuwa wamemzunguka wakimpa ushauri ambao hakuuomba. Mmoja alisema apake mafuta. Mwingine alisema apige nyundo, tena kwa hasira.

"Nani amekata ufunguo huu?" sauti ya mwanamume ikauliza juu ya kichwa chake.

"Mimi. Nimeukata kwa meno. Unauliza ili iweje?"

Alipogeuka aliona kwanza viatu vilivyochoka, halafu suruali ya kaki yenye mifuko mingi, halafu shati la bluu lililopigwa pasi mpaka likanyooka. Juu kabisa palikuwa na uso wa mwanamume ambaye mama zake wadogo lazima wanamuuliza kila sikukuu ataoa lini.

"Mimi ni fundi wa vitasa," alisema. "Mlinzi kanipigia simu."

"Ungesema mapema nisingekutukana."

"Mbona hujanitukana bado?"

"Nilikuwa naelekea huko."

Fundi alicheka, akachuchumaa kando yake na kutoa waya mwembamba mfukoni. Harufu ya yule mwanamke ikamfikia: asumini, waridi, na chini yake kitu kikali kilichomchoma puani. Alikuwa amevaa gauni la zambarau na skafu ya manjano, na kucha zake zilikuwa nyekundu kama za bibi harusi. Juu ya mlango wa duka kulikuwa na kibao kimeandikwa MANUKATO, na watu wote mle ndani walikuwa wakimwita hivyohivyo.

"Hii harufu kali ni ya nini?" Fundi aliuliza.

"Spiriti. Marashi bila spiriti ni mafuta tu. Nashinda nikiichanganya kutwa, imeniingia mpaka kwenye mifupa."

Ilikuwa kweli, ila haikuwa kweli yote. Ndani ya mkoba wake, chini ya kitana na leso, kulikuwa na kichupa ambacho hakikuwa cha marashi, na asubuhi ile alikuwa ameshakipigia mafunda chooni. Ndiyo maana ufunguo ulikatika. Aliuzungusha kwa nguvu zote upande usio wake, akailaumu kufuli. Duka lenye harufu kama lile lilimsitiri kwa miaka, na hapakuwa na pua iliyowahi kumshuku.

Kipande kikatoka. Watu wakapiga makofi.

"Chukua namba yangu," Fundi alisema akifuta mikono. "Ukikata mwingine, nipigie."

"Na nisipokata?"

"Nipigie vilevile."

Jioni ile simu ya Fundi ikaita.

"Fundi, kuna ufunguo umekatika."

"Upi?"

"Sijauchagua bado. Lete vifaa vyako vyote."

Basi wakaanza. Msiniulize nani alimpenda mwenzake kwanza, maana mimi mwenyewe niliwachunguza nikashindwa. Fundi alikuwa akipita dukani kila mchana kwa kisingizio cha kutia bawaba mafuta, na bawaba zile zililainika mpaka mlango ukawa unajifungua wenyewe. Manukato alimtengenezea marashi yake, akampaka nyuma ya sikio mbele ya wateja, na Fundi akaona haya kama mwari. Manukato alimwita "bwana mkubwa". Yeye akamwita "laazizi" kwa sauti ya chini, akiangalia pembeni.

Hofu iliingia siku waliyokwenda kunywa soda. Walikaa kwenye baraza la mkahawa mdogo, na meza ya jirani watu walikuwa wakinywa vyao na kucheka kwa fujo. Fundi akasogeza kiti chake upande wa pili.

"Wanakukera?" Manukato aliuliza.

"Hawanikeri. Wananitisha."

"Wewe? Mtu mzima na mabega hayo?"

Hakucheka. Alizungusha chupa ya soda mezani, akasema alichokuwa hajawahi kumwambia mwanamke. Baba yake alikuwa mlevi. Akirudi nyumbani jioni, watoto walijua kwa mlio wa ufunguo uliokuwa ukitafuta tundu na kulikosa. Kwaru, kwaru, kwaru. Ukikwaruza kidogo, kulikuwa na matumaini. Ukikwaruza sana, dada yake alimvuta mkono wakaingia chini ya kitanda, na pale chini walisubiri mlango ufunguke.

"Ndiyo maana nikasomea vitasa," alisema. "Nilitaka nyumba ambayo ufunguo unaingia mara moja. Mpenzi, mimi navumilia mengi. Maskini navumilia, mgonjwa nauguza, mwenye mdomo kama wako nampenda hasa. Ila mlevi siwezi. Nikisikia ule mlio, nakuwa mtoto tena."

"Pole, baba," alisema Manukato. Mkoba wake akausukuma chini ya kiti kwa mguu.

Tangu siku ile alianza kuogopa. Kumpoteza Fundi kulimtisha kuliko kitu chochote alichowahi kuogopa, na kadiri alivyoogopa ndivyo alivyoukimbilia mkoba wake. Aliapa asubuhi, akavunja kiapo jioni. Mnaomcheka nawaomba msubiri kidogo.

Jumapili moja alimkaribisha kwake kwa mara ya kwanza. Alikuwa akipanga chumba na sebule kwenye ghorofa, juu ya mama mmoja mpole aliyekuwa akishona mapazia. Alideki tangu asubuhi. Alivaa gauni jeupe lenye vifungo vidogo mbele, akajitazama kwenye kioo akaona mtu safi, akaamini. Hodi ilipobishwa alikimbia kufungua.

Fundi alisimama na mfuko wa machungwa, shati jipya, tabasamu mpaka masikioni. Kisha macho yake yakashuka kwenye kitasa, na tabasamu likafifia.

"Ingia basi, bwana mkubwa. Au unataka tarumbeta?"

"Subiri."

Akachuchumaa. Akapitisha kidole kwenye bamba la shaba, pembeni mwa tundu la ufunguo. Bamba lilikuwa limejaa mikwaruzo, ya zamani iliyoingia weusi na mipya iliyong'aa, juu, chini, kulia, kushoto, kama mahali kuku walipochakura. Manukato alikuwa amefungua mlango ule kwa miaka na hajawahi hata siku moja kulitazama bamba lake.

"Nani ana ufunguo wa hapa zaidi yako?" Fundi aliuliza bila kuinua uso.

"Hakuna."

"Yupo. Mwizi hukwaruza ndani ya tundu. Mtoto hukwaruza chini, kwa sababu ni mfupi. Hii ni ya mtu aliyekuwa haoni tundu lilipo. Mlevi. Na si wa siku moja." Akasimama. "Kwetu kulikuwa na bamba kama hili. Naweza kulichora nikiwa nimefumba macho."

Manukato alilitazama bamba lake kwa mara ya kwanza. Fundi alikuwa amesoma kila kitu sawasawa, amekosea mtu tu. Ukweli ulikuwa hapo, kwenye ncha ya ulimi. Angeusema, angeyaona macho ya mwanamume huyu yakibadilika na kuwa macho ya mtoto aliye chini ya kitanda. Hilo aliona hawezi kulishuhudia akabaki hai.

"Ni mwanamume?" Fundi aliuliza.

"Ndiyo."

"Anakunywa?"

"Ndiyo."

"Na bado anakuja?"

"Ndiyo."

Ni neno moja tu katika hayo lililokuwa la uongo, na ndilo lililomwondoa. Fundi aliweka machungwa kwenye ngazi taratibu, kana kwamba yangevunjika. Alisema, "Ungeniambia tu." Akashuka.

Ona mwanadamu alivyo. Aliona afadhali aitwe mwenye mabwana wawili kuliko kuitwa mlevi.

Alikunywa mpaka jioni, na kesho yake pia. Siku ya tatu dukani mkono ulimtetemeka akaangusha chupa kubwa ya mafuta ya waridi. Aliokota vipande, akajikata kiganja. Alisimama akitazama damu ikichanganyika na waridi, na kilichomtisha si damu. Kilichomtisha ni kwamba wazo lake la kwanza lilikuwa mkoba uko wapi.

Alifunga duka mchana kweupe, akakaa sakafuni nyuma ya meza, akaanza kutafuta kwenye simu. Aliandika maneno, akayafuta, akayaandika tena: msaada kwa watu wanaotaka kuacha pombe. Zikaja hospitali za mbali, zikaja dawa za miujiza, mwisho kikatokea kikundi cha hapohapo mjini, mitaa michache kutoka alipokaa. Alipiga, akakata kabla haijaita. Alipiga tena.

"Halo, kikundi," sauti ya mwanamke mtu mzima ilisema, nzito, yenye mikwaruzo kama redio ya zamani.

"Shikamoo. Ninamuulizia... rafiki yangu."

"Marahaba. Rafiki yako hajambo?"

"Hajambo. Yaani, anaumwa. Anakunywa."

"Basi mwambie rafiki yako tunakutana Jumatano saa kumi na moja jioni, juu ya shule ya udereva. Avae viatu vizuri, ngazi ni nyingi. Hakuna kiingilio, hakuna kuandikishwa, na hatuulizani majina. Tunaitana kwa kazi zetu. Mimi ni Dereva."

"Na akiogopa?"

"Aje na hofu yake, ina kiti. Halafu mwanangu, mwambie rafiki yako kama amezoea kunywa kila siku na mwili unatetemeka, apite kwanza kwa daktari. Kuacha ghafla kuna hatari yake, hatutaki ushujaa."

Kwa daktari alikwenda, akapewa dawa na miadi. Jumatano alikwenda pia, lakini mlango wa lile jengo ulikuwa barabarani, na yeye alikuwa mwanamke anayejulikana na nusu ya mji kwa harufu. Je, akionwa na mteja? Je, akimkuta humo mtu anayemjua? Alipanda ngazi, akafika mlangoni, akasikia watu wakicheka ndani, akashuka mbio. Alizunguka mtaa. Alipanda tena, akafika katikati, akaketi kwenye ngazi kama mtu anayefunga kamba za viatu, naye alikuwa amevaa ndara.

"Hivyo ndivyo viatu vizuri?" sauti ya redio ya zamani iliuliza kutoka juu.

Dereva alikuwa mwanamke mnene mwenye mvi fupi, koti la mvua na miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa ameendesha malori miaka mingi, na alisimama kama bado ameshika usukani. Hakumsogelea. Alishuka ngazi chache, akaketi ngazi moja juu yake.

"Rafiki yako kaja?"

Manukato alitaka kucheka, yakatoka machozi. "Kaja," alisema.

Chumba kilikuwa darasa la juu la shule ya udereva. Ukutani kulikuwa na michoro ya alama za barabarani: simama, usipite, kona kali mbele. Mezani kulikuwa na usukani wa kufundishia na birika la chai. Watu walikaa kwenye viti vya plastiki, wa kawaida kabisa, na hilo lilimshangaza. Alitegemea kukuta watu waliolala mitaroni.

Bwana mmoja mwenye suti ya kijivu alikuwa anaongea. "Mimi ni Karani, na mimi ni mlevi. Jana nilisimama mbele ya baa nimefungua mwavuli, na mvua hakuna. Nilisema nasubiri ipungue. Nilisimama mpaka nikajiogopa, nikatoka mbio. Watu walidhani nimeibiwa, wakakimbia nami kumtafuta mwizi."

Chumba kizima kilicheka, na Karani mwenyewe akacheka zaidi. Manukato alijikuta anacheka nao, kisha akashika mdomo. Zamu yake ikafika. "Mimi ni Manukato," alisema. Hakuweza kuendelea. Wakasema, "Karibu, Manukato," wakampa chai, na hakuna aliyemsukuma.

Wiki iliyofuata alisema sentensi yote. Sauti ilimtoka kama ya mtu mwingine, na alipoketi alikuwa amelowa jasho.

Usidhani mambo yalinyooka. Kila siku alifungua pipa la spiriti dukani, na kila siku harufu ile ilimpanda kichwani ikimwita kwa jina. Aliwaza kuuza duka. Dereva akamwambia, "Usiuze. Ukitaka kufungua pipa, nipigie kwanza." Basi ikawa anachanganya marashi huku simu ameibana kwa bega.

"Nimefungua, mama."

"Haya, mimina. Nakusikiliza."

"Naogopa."

"Mimina ukiogopa. Mimi nilishusha mlima na lori bovu nikiogopa vilevile. Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Funga. Nisikie kifuniko."

Alikibamiza kifuniko karibu na simu, na Dereva akasema haya, na mkutano ukaisha hadi pipa la pili.

Lilibaki jambo moja, na usiku halikumpa usingizi. Alijaribu kulikwepa. Jioni moja, mikutano kadhaa ikiwa imeshapita, alimpigia Fundi akiwa amesimama, kwa sababu aliogopa akikaa atakata.

Fundi alikuwa kibandani kwake anachonga funguo. Mashine ilikuwa inalia. Naye hakuwa mzima. Alikuwa amekonda, shati halina pasi, na alikuwa amewapa wateja wawili kila mmoja ufunguo wa mwenzake, wakarudi kumtukana.

"Fundi."

"Ndiyo, mteja." Neno lile lilimchoma Manukato, na Fundi alilitia makusudi.

"Yule mlevi mwenye ufunguo wa mlango wangu."

"Sitaki habari zake."

"Ni mimi."

Mashine ikanyamaza.

"Hakuna mwanamume. Hakuwahi kuwepo. Mikwaruzo yote ni mkono wangu. Siku uliyonikuta na ufunguo uliokatika nilikuwa nimekunywa. Siku ya soda nilikuwa nimekunywa, na nilikunywa tena baada ya kukusikiliza. Naenda kwenye kikundi sasa, kila Jumatano, juu ya shule ya udereva. Sikuombi kitu. Nilikuwa nakuogopa, basi. Nilikuwa naogopa hivi utakavyonyamaza sasa."

Akanyamaza kweli. Manukato alisikia pumzi yake, na mbali magari.

"Nitakupigia," Fundi alisema.

Hakupiga. Siku zikapita. Nisimseme vibaya, maana niliiona hali yake. Alikaa kitandani simu mkononi, mtu wa mabega yale, asiweze kubonyeza namba. Mwisho alimpigia dada yake, yule wa chini ya kitanda, ambaye sasa alikuwa na wajukuu.

"Dada, nimependa mlevi."

"Loo! Katika mji mzima, mdogo wangu? Hukuona wengine?"

"Ananiambia ameacha. Anakwenda kwenye kikundi."

"Ulimfuma?"

"Hapana. Kaniambia mwenyewe."

Dada akamweka chini mjukuu aliyempakata. "Baba hakuwahi kutuambia," alisema. "Mpaka anazikwa alikuwa anasema ni malaria. Sikupangii, na mimi pia ningeogopa. Ila huyo si yule tuliyekuwa tukimkimbia."

Jumatano iliyofuata Manukato alipata ujumbe kwenye simu: Nataka kubadilisha kitasa chako. Acha ufunguo kwa mama wa chini. Usiniulize kitu. Aliusoma mpaka herufi zikacheza. Je, alikuwa anakuja kumaliza kazi yake na kuaga? Mafundi wana heshima zao. Pengine hakutaka kuacha bamba lile nyuma yake. Aliacha ufunguo, akaenda kikundini, na siku ile hakusikia neno lililosemwa mle ndani.

Jua lilikuwa limezama aliporudi. Mama wa chini alikuwa mlangoni na pazia begani.

"Fundi wako kaniachia huu," alisema, akimpa ufunguo mpya unaong'aa. "Kasema wa zamani hauingii tena."

"Ameondoka?"

"Nilikuwa napika, mwanangu, sikuona mtu kushuka."

Manukato alipanda. Kwenye korido taa ilikuwa imeungua. Mlango wake ulikuwa na kitasa kipya na bamba jipya, laini, halina doa. Chini ya mlango, mstari mwembamba wa mwanga. Yupo ndani. Au aliondoka akasahau taa. Atasema nini? Amekaa na sura gani? Hofu yote aliyoibeba tangu siku ya soda ikashuka mkononi, na mkono ukaanza kutetemeka. Aliinua ufunguo, akaupeleka tunduni.

Kwaru.

Ndani, Fundi alikuwa ameketi pembeni mwa meza, vifaa vyake vimefungwa, maneno aliyoyapanga yako tayari. Aliposikia ule mlio maneno yote yalimtoka.

Kwaru. Kwaru.

Amekunywa, aliwaza. Katoka huko wanakojidanganya, akapitia baa, akanywa. Alisimama, akarudi nyuma, mgongo wake ukagusa ukuta. Macho yake yalikwenda kwenye kitanda kilichoonekana kupitia mlango wa chumbani, na mtu mzima yule alijikuta anapima kama angeenea chini yake. Kwaru, kwaru. Nje mtu alikuwa anahema kwa nguvu. Baba hakuwahi kuhema hivyo. Baba alikuwa akitukana mlango.

Maisha yake yote mlango kama huo ulifunguliwa na aliye nje. Fundi alitembea mpaka kwenye kitasa, akishika kiti, akishika ukuta, na akaufungua yeye.

Manukato alikuwa amesimama na ufunguo hewani, skafu imelegea, mashavu yamelowa.

"Sijanywa," alisema haraka. "Wallahi sijanywa. Ni mkono tu. Naogopa, Fundi. Niliona taa nikaogopa."

Harufu ilimfikia: asumini, waridi, na ule ukali wa spiriti chini yake, uleule wa siku ya kwanza. Pua haikumwambia kitu. Aliyatazama macho ya Manukato, yalikuwa mekundu, lakini hata macho ya kilio huwa mekundu. Kazi yake yote ilikuwa kusoma mikwaruzo, na hakuwahi kufikiri kwamba hofu nayo hukwaruza.

"Utajuaje kama nasema kweli?" Manukato aliuliza kwa sauti ndogo.

"Sitajua."

"Leo hujui, kesho je? Nikichelewa? Nikikohoa? Utakuwa unachunguza bamba hili kila jioni?"

"Pengine nitalichunguza. Nikilichunguza, nigombeze."

"Na nikianguka? Kule wanaanguka, Fundi. Watu wazuri kabisa wanaanguka."

"Basi nitaogopa." Akaonyesha ukuta kwa kidole. "Nilikuwa nyuma ya mlango hapa nimeganda kama mtoto, mpenzi. Nilipima kitanda chako. Kifupi mno."

Fundi alitoa kicheko kilichokatika, Manukato akaitikia kwa kilio, na kwa muda hawakujua nani anamshika mwenzake. Fundi alimfuta uso kwa mkono wa shati, shati ambalo leo lilikuwa limenyooka.

"Nimeishi naogopa peke yangu miaka yote hii," alisema. "Nimechoka. Nataka kuogopa nikiwa na wewe. Nioe, kama unaniweza."

"Wewe ndiye unayetakiwa kunioa, bwana mkubwa."

"Basi tuoane, tusigombee."

"Sijibu leo," alisema Manukato. "Dereva anasema mambo makubwa tusiyaamue mapema, mpaka tusimame vizuri. Utasubiri?"

"Nitasubiri. Na Jumatano nitakusindikiza."

"Mpaka kwenye ngazi?"

Fundi alikifikiria chumba kilichojaa watu wa aina ya baba yake, wamekaa kwenye viti, wanamtazama akiingia.

"Mpaka ndani," alisema.

Manukato aliinama akatazama bamba jipya. Lilikuwa tayari na mikwaruzo, mitatu au minne, mieupe, pembeni mwa tundu.

"Nimeliharibu. Utalibadilisha?"

"Liache," alisema Fundi. "Hiyo ni ya leo, na leo najua ilitoka wapi."

Kisha akamwomba atoke nje, afunge, ajaribu tena. Manukato alitoka. Fundi alisimama ndani, karibu kabisa na mlango, akasikiliza. Ufunguo ulikwaruza mara moja, ukatulia, ukaingia.